Sura ya Tano: Wa Kwanza Kuingia

Kesho saa tatu asubuhi mshonaji angepandishwa kizimbani kwa kosa la kujaribu kuua, kosa lisilo na dhamana, na mtu pekee kituoni aliyeamini kwamba hakulitenda alikuwa amekaa ndani ya gari bovu la polisi mbele ya kivuko, akimsikiliza Sajini akijisifu kwa kuwahi.

"Wa kwanza kabisa, Afande," Sajini alisema, akionyesha lami tupu mbele yao na maji baada ya lami. "Wa kwanza kuingia, wa kwanza kutoka. Hawa wote watabaki wakitupigia honi."

Inspekta alimshukuru kwa utumishi wake uliotukuka na kumwomba apunguze kutafuna ndimu karibu na sikio lake. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye kicheko cha karibu na viatu vya kutembea mbali. Wezi wa mji wao walimwita Bi Pole, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kumpa mtu pole dakika moja kabla ya kumfunga pingu. Wazoefu wakilisikia tu neno hilo walianza kuulizia wakili.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumamosi, yaani jana yake, kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu asubuhi, mtu alimpiga Bi Pindo kichwani kwa pasi. Bi Pindo alikuwa mama wa miaka sabini, mwenye duka la ushonaji ambalo nusu ya mji ilikuwa imeolewa kwa nguo zake. Mteja aliyefuata suruali yake saa sita ndiye aliyemkuta amelala kati ya vipande vya kitambaa. Alikuwa hai, hospitalini, na macho hajafungua.

Mshonaji alikuwa amefanya naye kazi miaka kumi na tisa. Alisema alikuwa ametumwa nyuzi. Muuza nyuzi alisema Jumamosi huuzia watu mia, hawezi kukumbuka sura ya mmoja. Ijumaa majirani walikuwa wamewasikia wawili hao wakigombana kuhusu kola ya joho la hakimu mmoja, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake haoni. Na alama za vidole vya mshonaji zilikuwa kwenye mpini wa pasi. Mkuu wa kituo aliposoma hilo alifunga jalada na kulipigapiga mgongoni kama mtoto aliyecheua. Inspekta alimuuliza kwa adabu, kwenye pasi ambayo mshonaji ameishika kila siku kwa miaka kumi na tisa, alitarajia kukuta vidole vya nani. Aliambiwa kesi inakwenda mahakamani Jumatatu.

Kitu kimoja hakikutoshea kwenye jalada lile. Droo ya mezani kwa Bi Pindo ilikuwa wazi, imefunguliwa kwa ufunguo wake, na bahasha yenye hati ya nyumba haikuwemo. Chumba cha mshonaji kilipekuliwa hadi ndani ya magodoro, na hati haikuonekana. Mwaka huu mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa ameiulizia hati hiyo, tena mara tatu: mtoto wa kaka yake Bi Pindo, kijana wa miaka thelathini na mitano aliyelelewa na shangazi yake tangu akiwa na meno ya utoto, na ambaye mtaa ulimwita Mtanashati kwa sababu hata takataka alikwenda kuzitupa akiwa amechomekea.

Mtanashati alikuwa na jibu zuri. Kwenye simu alisema yeye na mkewe wamevuka kwenda mji wa bandari kupumzika siku mbili tatu, wamevuka na gari lao Jumamosi kwa kivuko cha saa tatu asubuhi, na kama kuna mwenye shaka akamuulize karani wa kivuko.

Karani aliulizwa. Alikuwa na daftari safi kuliko la shule. Namba ya gari ilikuwemo, safari ya saa tatu, tiketi mbili, zote zimekatwa langoni. Safari yenyewe ni saa moja na robo. Mtu aliyeshuka upande wa pili saa nne na robo hawezi kuwa upande huu saa tano akiwa ameshika pasi.

Sajini aliona biashara imeisha hapo. "Amevuka, Afande. Daftari halina undugu na mtu."

"Gari limevuka," Inspekta alisema. "Mimi sikuuliza habari za gari."

Akamtuma akakate tiketi tatu. Sajini aliuliza ya tatu ni ya nani, maana walikuwa wawili. Akaambiwa ni ya mkuu wa kituo, asije akajisikia kutengwa.

Foleni ilipoanza kusogea, mkata tiketi alikuja dirishani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Sajini alimpa karatasi tatu. Yule mzee alizichana zote tatu kwa mpigo mmoja, akarudisha vishina vitatu na kwenda gari la pili. Hakuinamisha kichwa kutazama ndani. Inspekta alivitazama vile vishina, akaviweka kwenye mkoba wake mahali pa kuvikumbuka, na kumwambia Sajini kwamba mkuu wa kituo amevuka salama, daftari litashuhudia.

Sajini alisema polepole kwamba hilo linaonyesha Mtanashati angeweza kutokuwemo. Halionyeshi kwamba hakuwemo. Hilo lilikuwa kweli, na Inspekta alimpa heshima ya kukubali.

Halafu ikaja zamu yao ya kuingia, na mambo yakamharibikia Sajini mbele ya hadhira.

Kivuko kile kilikuwa na milango miwili mikubwa ya chuma, mmoja mbele na mmoja nyuma. Siku za kawaida magari huingia kwa huu na kutokea kwa ule, bila kupinda hata shingo. Lakini waya wa winchi ya mlango wa mbele ulikuwa umekatika Ijumaa jioni, na fundi alikuwa bado anasubiri waya mwingine. Kwa hiyo magari yaliingia na kutoka kwa mlango mmoja. Ili yaweze kutoka kwa staha, ilibidi yaingie kinyumenyume.

Aliyekuwa akilisimamia jambo hilo ni mpanga magari, mtu mwembamba mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, filimbi mdomoni na ulimi usio na breki. Alimwelekeza Sajini arudi. Sajini alirudi, akaenda kushoto. Akaelekezwa kulia, akaenda kulia kuliko alivyoombwa. Mara ya tatu kioo cha pembeni kilibusu nguzo.

"Baba, wewe unaingiza gari au unaipapasa meli?" mpanga magari alimuuliza. Akamwomba ufunguo kwa upole wa daktari wa meno, akaketi mwenyewe, akaliingiza gari hadi mwisho wa sitaha kwa mkono mmoja.

Inspekta alisimama na mpanga magari kando huku magari mengine yakiingia kwa matako. Alitaka kujua kama ni hivi tangu Ijumaa. Ni hivi tangu Ijumaa, alijibu, kila safari, na tangu jana ameshaendesha magari ya watu kumi na wawili waliokuja pale na leseni mfukoni wakidhani rivasi ni ya mapambo. Wanaume hununa, alisema, wanawake hushukuru, na wote kwa pamoja humwomba asimwambie mtu. Inspekta aliuliza kama jana asubuhi aliona gari jeupe lenye namba fulani, na nani alikuwa ndani. Mpanga magari alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Yeye hutazama matairi. Mtu angemletea tairi angelitambua.

Safari ilikwenda. Bahari ilikuwa na mawimbi madogo tu, ya adabu, lakini Sajini aliyachukulia kama mambo binafsi. Alikaa kwenye benchi la mbao ameshika reli kwa mikono miwili, rangi yake imehama, huku Inspekta akisoma maelezo ya mshonaji kwa mara ya tano na kula mkate wake na wa Sajini pia.

Upande wa pili ndipo Sajini alipovunjika moyo kabisa. Mlango ulifunguliwa na gari la mwisho kuingia likatoka kwanza. Kisha la kabla yake. Kisha la kabla ya hilo. Walikuwa wameegeshwa mwisho kabisa wa sitaha, nyuma ya lori la vigae ambalo dereva wake alikuwa ameshuka kwenda kutafuta maji, na wakakaa hapo dakika ishirini na tano wakisoma maandishi ya kwenye turubai.

"Tuliwahi ili tuchelewe," Sajini alisema.

Nyumba ya wageni aliyoitaja Mtanashati kwenye simu ilikuwa barabara ya juu, ghorofa mbili, vibaraza vyake vikitazama winchi za bandari zilizosimama kama twiga wanaofikiri. Kabla ya kupanda, Inspekta alipiga simu kituo cha polisi cha mji ule kuomba askari wawili wakae karibu, kisha akazungumza na mama wa mapokezi. Daftari la wageni lilisema watu wawili, Jumamosi, saa tano kasoro robo, sahihi ya mke. Mama wa mapokezi alikumbuka kumpa ufunguo mke mwenyewe. Mume alimwona baadaye, yapata saa tisa, akiingia na gazeti kwapani.

"Akiingia kutoka chumbani au kutoka barabarani?"

"Barabarani. Nikadhani alikuwa ametoka na sikumwona."

Sajini aliandika. Pale napo palikuwa na nafasi ya kutosha mwongo kupita na gari lake.

Mtanashati alikuwa kibarazani chini, shati limepigwa pasi likakubali, miguu imekunjwa, chai mbele yake. Aliposikia jina la shangazi yake alisimama na kuweka mkono kifuani. Alitaka kujua kama amefungua macho. Inspekta alipomwambia bado, alishusha pumzi, na Sajini, aliyekuwa na mke mkali na hivyo alijua kusoma pumzi za watu, aliangalia pembeni.

Inspekta alivuta kiti. Alimwambia hana makuu, anataka tu kufunga safu moja kwenye jalada. Amsimulie Jumamosi yake tangu alipoamka, kwa raha zake, asiruke kitu. Mtanashati alisimulia vizuri. Waliamka saa kumi na mbili. Yeye aliosha gari, maana hawezi kuingia mji wa watu na gari lenye vumbi. Walifika kivukoni mapema. Mkewe alilalamika njaa. Alikuwa msimuliaji mwenye kipaji; kila kitu kilikuwa na rangi na harufu, hata sauti ya honi alitia. Inspekta aliitikia kwa kichwa, akacheka palipochekesha, akamwomba aendelee.

"Ndiyo faida ya kuwahi, mama," Mtanashati alisema, akimimina chai. "Tulikuwa wa kwanza kuingia na wa kwanza kutoka. Saa nne na robo juu ya alama tairi zangu ziko kwenye lami ya huku."

Penseli ya Sajini ilisimama. Inspekta hakumtazama. Aliuliza, kama mtu anayevuta mazungumzo tu, kama labda shemeji ndiye aliyeshika usukani.

Mtanashati alicheka hadi akaweka buli chini. Mke wake na usukani ni maadui, alisema. Mwaka jana aliingia geti la nyumbani na geti limefungwa. Akirudi nyuma, majirani huita watoto wao ndani. Alisema ana orodha nzima ya visa vya mkewe na gari, na huwasimulia wageni baada ya chakula. Hata harusini kwa rafiki yake alisimulia, watu wakalia machozi. Ampe usukani kwenye kivuko? Afadhali angeogelea na gari mgongoni.

"Basi ni wewe uliyeendesha."

"Mimi, mama. Mwanzo mpaka mwisho."

Inspekta alimshukuru, akamwomba amsubirishe Sajini kwa mazungumzo, akapanda ngazi.

Mke alikuwa chumbani akikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo na vidole virefu, na alimkaribisha mgeni kwenye kiti kimoja kilichokuwepo, yeye akakaa ukingoni mwa kitanda. Kwa haraka, bila kuulizwa, alisema walivuka pamoja, saa tatu. Alilisema kwa pumzi moja.

Inspekta aliliacha lipite. Alisifu mandhari. Alisema yeye mwenyewe amevuka asubuhi hii na safari ilikuwa nzuri, isipokuwa pale mwanzo. Kisha akauliza:

"Mdogo wangu, nani alikuingizia gari?"

Mke alishika shati alilokuwa analikunja, na halikukunjika tena.

"Amekwambia?"

"Nani?"

"Yule wa filimbi. Aliniahidi hatamwambia mtu."

"Ameitunza ahadi yake," Inspekta alisema. "Hajasema neno. Umesema wewe."

Chini bandarini king'ora cha meli kililia mara moja. Mke alilitazama dirisha, kisha mlango, kisha mikono yake.

Inspekta alimuuliza kwa nini hakumwambia mumewe. Lilikuwa jambo dogo. Watu kumi na wawili lilikuwa limewakuta. Mke akajibu kwa hasira ambayo haikuwa ya siku moja. Amwambie ili iweje? Ili Jumatano wageni wakija wasimuliwe jinsi mwanamume wa kizibao alivyomtoa kwenye kiti mbele ya kivuko kizima? Mumewe alipomuuliza jana safari ilikuwaje, alimjibu ilikuwa kawaida. Basi.

"Kwa hiyo hajui kwamba magari yaliingia kinyumenyume," Inspekta alisema. "Ameniambia mliingia wa kwanza mkatoka wa kwanza. Jana hilo halikuwezekana kwa mtu yeyote. Nisingemshika kwa lolote jingine, maana amepanga vizuri. Gari limevuka, tiketi mbili zimechanwa, ufunguo umechukuliwa. Kilichomponza ni kwamba mkewe anaogopa kuchekwa."

Mke hakulia. Alisema mumewe alimwambia ana mtu wa kuonana naye Jumamosi asubuhi, mambo ya kazi, na hataki ijulikane. Atangulie na gari, yeye atamfuata na boti ya abiria ya saa saba. Kama kuna atakayeuliza, walivuka pamoja. Hakuona ubaya. Jioni simu ilipokuja kwamba shangazi amepigwa, mume alimwambia wasibadilishe neno, polisi wakishaanza kuuliza hawamalizi. Alimuuliza alikuwa wapi saa tano. Alimwambia asiulize maswali ya kijinga. Kwa hiyo hakuuliza tena, na tangu hapo amekunja nguo zile mara nne.

Inspekta alimweleza mahali mshonaji alipo. Hakupamba. Alimwambia ukubwa wa chumba, idadi ya wanawake waliomo, na saa ya kupelekwa mahakamani. Alimwambia pia kwamba maneno aliyoyasema hapa hayana uzito mpaka ayaandike na kuyatia sahihi, na kwamba hakuna atakayemlazimisha.

Mtu mwingine hapo angeongeza nasaha. Inspekta alijichunguza kucha.

"Gauni langu la harusi alilishona yeye," mke alisema hatimaye. "Alikuwa na homa. Shangazi alimwambia aende nyumbani, akakataa, akasema bibi harusi haolewi na homa ya mtu mwingine." Aliliweka shati kando. "Nipe karatasi, dada."

Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko mzuri. Alipofika sahihi alisita, akaongeza mistari mitatu chini. Jana saa tisa na nusu mumewe alichukua ufunguo wa gari, akashuka, akakaa robo saa. Aliporudi alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, na kucha zake zilikuwa na weusi wa mpira. Katika miaka sita ya ndoa hajawahi kugusa tairi la akiba. Tairi likipasuka barabarani humpigia simu fundi.

Waliteremka pamoja. Inspekta alimwambia angeweza kubaki juu, akasema hapana, amebaki juu vya kutosha.

Kibarazani Mtanashati alikuwa akimfundisha Sajini namna ya kukunja mikono ya shati. Askari wawili wa mji ule walikuwa wamekwisha kaa meza ya jirani, mbele yao soda ambazo hawazinywi. Inspekta alikaa mahali pake pa mwanzo. Mke alisimama kwenye ngazi ya mwisho.

"Kaka, pole sana," Inspekta alisema.

Sajini aliuvuta mkono wake kutoka kwa mwalimu wake wa mitindo.

"Pole ya nini, mama?"

"Nimebakiza swali moja. Jana pale kivukoni, uliingiza gari kwa mbele au kwa nyuma?"

Lilikuwa swali jepesi mno, na Mtanashati aliliona ni jepesi mno. Tabasamu lilibaki mahali pake lakini macho yalianza kutafuta. Yaligusa uso wa Inspekta, yakagusa wa Sajini, yakapanda hadi kwenye ngazi kwa mkewe. Kwa miaka sita yule mwanamke alikuwa amemkumbusha majina ya watu, tarehe, na mahali alipoweka miwani. Safari hii alimtazama tu, mikono imefumbatwa, kama mtu anayesubiri kisa kiishe.

"Mbele," alisema. "Kama kawaida."

Inspekta alimweleza taratibu kuhusu waya wa winchi. Alimweleza kuhusu lori la vigae, na dakika ishirini na tano, na jinsi jana kama leo wa kwanza kuingia alivyokuwa wa mwisho kutoka. Mtanashati alisema amechanganya, alikuwa na usingizi, alikuwa akifikiria safari nyingine. Alisema hilo si ushahidi, hiyo ni hadithi ya milango. Inspekta alikubaliana naye kabisa. Ndiyo maana, alisema, anaomba ufunguo wa gari.

Ufunguo aliutoa mke, mfukoni mwake.

Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa kivulini nyuma ya nyumba, linang'aa. Sajini alifungua buti, akatoa kapu la nguo, mwavuli na jeki, akanyanyua kifuniko cha sakafu. Tairi la akiba lilikuwa jipya, halijaonja barabara. Chini yake kulikuwa na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara moja. Sajini aliivuta kwa ncha za kitambaa chake cha mkononi, akaifungua mdomo tu, na kuisoma bila kuigusa. Ilikuwa hati ya nyumba ya Bi Pindo, na ndani yake kulikuwa na ufunguo mdogo wa droo, bado umefungwa kwenye kamba ambayo yule mama aliivaa shingoni.

Mtanashati aliitazama ile kamba. Kitu cha mwisho alichofanya kabla ya kunyoosha mikono kwa pingu kilikuwa kujifunga kifungo cha shati.

Alisema mambo mawili tu. La kwanza, kwamba nyumba ile ingekuwa yake siku moja, alikuwa ameharakisha karatasi tu. La pili alimwambia mkewe, naye alikuwa amekwisha mpa kisogo akiingia ndani kuchukua mkoba.

Saa kumi jioni Inspekta alikuwa kwenye simu ya mezani pale mapokezi, akizungumza na mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo hakufurahi. Alisema hati ya mashtaka imeshachapwa. Alisema mshonaji apelekwe tu kesho, hakimu ndiye atakayemwachia, utaratibu ni utaratibu. Inspekta alimsomea maelezo ya mke, mstari kwa mstari, kisha yaliyokuwa kwenye bahasha, kisha majina ya askari wawili walioshuhudia. Alimkumbusha kwamba hakimu wa kesho ndiye mwenye lile joho la kola, na kwamba angependa sana kujua kwa nini fundi wake amelala mahabusu usiku wa pili wakati mtuhumiwa mwenye hati mkononi yuko ng'ambo na pingu. Upande wa pili ilisikika sauti ya kiti kikisukumwa.

"Atoke," mkuu wa kituo alisema. "Sahihi utaweka wewe."

"Nitaweka mbili."

Aliomba aunganishwe na chumba cha zamu, na kutoka zamu aliomba apewe mshonaji mwenyewe. Alisikia komeo, nyayo, majibizano ya mbali, kisha pumzi ya mtu asiyezoea simu.

Inspekta alimwambia habari kwa ufupi: amepatikana, si wewe, uko huru, nenda nyumbani. Mshonaji aliuliza kama Bi Pindo amefungua macho, na Inspekta alimwambia bado, lakini asubuhi hii ameminya mkono wa muuguzi. Mshonaji akauliza ni nani. Alipoambiwa, alisema, polepole, kwamba yule mtoto suruali yake ya kwanza ya shule alimkatia yeye.

"Kuna kingine unachohitaji?" Inspekta aliuliza.

"Viatu vyangu, mama. Walivichukua jana waliponinyang'anya na kitambaa cha kichwa. Huyu wa zamu anasema mwenye ufunguo wa kabati anarudi kesho asubuhi, nisubiri au niende hivi hivi. Sitaki kwenda hospitali pekupeku. Ataniona."

Inspekta alimwomba ampe simu wa zamu. Alizungumza naye sekunde kumi, kwa sauti ya chini na ya upendo mwingi, na mama wa mapokezi aliyekuwa akipanga funguo ukutani aliacha kupanga. Kisha akasema kwamba hana haraka, hakati simu.

Sajini alikuja kumwambia kivuko cha mwisho kinaondoka baada ya dakika arobaini na foleni imeanza. Alimwinulia kidole asubiri. Sikio lake lilikuwa limebanwa kwenye mkono wa simu. Ng'ambo ya maji kitu kilivunjwa, mlango wa bati ukalia, mtu akanung'unika. Halafu kimya kidogo, cha mtu anayeinama kufunga kamba. Halafu soli mbili juu ya saruji, moja, nyingine, zikianza polepole, zikishika mwendo, hadi zilipofika mahali ambapo simu haikuweza tena kuzifuata.